Masika ya Lamu Yana Saa Yake

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu mvua ambayo bado haijanyesha. Februari iko ukingoni, kaskazi imeanza kulegea, na huu ndio wakati ambao Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri wa masika, yaani miezi ya Machi, Aprili na Mei. Utasomwa redioni, utatumwa kwenye simu, utaandikwa magazetini. Nimependa tuzungumze mapema, ili ukifika tujue namna ya kuupokea.

Neno langu ni moja nami nalitanguliza: masika ya Lamu yana saa yake, nayo si saa ya Nairobi. Utabiri wa nchi nzima ni wetu pia, lakini mtu wa visiwani akiusikiliza kama anavyousikiliza mtu wa Nakuru, atakuwa na pupa wakati wa kungoja, na atalegea wakati hatari yenyewe ndiyo inabisha hodi.

Tuanze na mvua yetu. Sehemu kubwa ya bara, Aprili ndiyo kilele cha masika, na Mei ikiisha watu wameshafunga hesabu ya msimu. Kwetu sivyo. Machi mara nyingi hupita na jua kali na rasharasha za hapa na pale. Aprili mvua hujikusanya. Mei ndiyo mwezi wenye mvua nyingi kuliko miezi yote ya mwaka. Juni ikiingia, magazeti yakiwa yameshaandika kwamba masika yamekwisha, huku kwetu manyunyu na mvua za alfajiri bado zinatoka baharini, na huweza kuendelea hadi Julai.

Sababu yake iko hivi. Ukanda wa mvua hulifuata jua. Jua likiwa juu ya ikweta mwezi Machi, pepo za kaskazini na za kusini hukutana juu ya nchi yetu na kupandisha mawingu, kisha ukanda huo husogea kuelekea kaskazini. Watu wa pwani tuna nyongeza yetu, nayo ni kusi. Kusi huanza kushika Aprili na kupata nguvu Mei, ikija na unyevu wa Bahari Hindi. Ikifika kwenye nchi kavu hupunguza mwendo, unyevu ule hupanda na kuwa mvua. Kwa hiyo hata pale bara panapoanza kukauka, sisi bado tunanyeshewa na upepo wetu wenyewe.

Na upepo huu ni mkubwa kuliko tunavyodhani. Katika miaka ya 1960 mtaalamu mmoja aitwaye Findlater aliuchunguza mkondo wa upepo mkali unaopita juu ya mashariki ya Kenya na Somalia wakati wa kusi, na hadi leo wataalamu wanauita kwa jina lake. Mkondo huo huvuka ikweta, hupinda kuelekea Bara Hindi, na huko ndiko unakopeleka mvua ya Kerala, ambayo kwa kawaida huanza mwanzoni mwa Juni. Upepo unaomzuia mvuvi wa Kiwayu asitoke nje ya miamba ndio anaousubiri mkulima wa India ili apande mpunga.

Wazee wetu walizijua pepo hizi kabla ya vipimo. Kaskazi ndiyo iliyoleta majahazi ya Uarabuni, na kusi ndiyo iliyoyarudisha kwao. Walihesabu mwaka kuanzia Nairuzi, yaani siku yao ya mwaka mpya, wakaugawa kwa miongo ya siku kumikumi, na mvuvi na mkulima kila mmoja alijua mwongo gani una kazi gani. Tena walikuwa na utabiri wao wa masafa marefu, nao umehifadhiwa katika methali: kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua. Kilimia ni kile kikundi cha nyota kinachopotea upande wa magharibi jioni za mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei, kisha kikaonekana tena mashariki alfajiri za Juni. Tazameni walipoiweka alama yao. Hawakuiweka Machi. Waliiweka katikati kabisa ya masika ya pwani, na walichosema ni kwamba mwanzo wa msimu usikukatishe tamaa wala usikulevye, kwa kuwa nusu ya pili huenda ikawa kinyume cha nusu ya kwanza.

Naiheshimu elimu hiyo. Lakini mzee aliyekaa gatini Faza hakuweza kujua joto la maji ya bahari ya Pasifiki, wala kimbunga kinachojiunda karibu na Madagaska. Hayo ndiyo wanayoyatazama wataalamu wa leo. Kila Januari au Februari, Mei na Agosti, kituo cha utabiri wa tabianchi cha jumuiya ya kikanda ya IGAD, kinachojulikana kama ICPAC, huwakutanisha wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika ili wakubaliane juu ya msimu unaokuja. Kazi hiyo ilianza mwaka 1998, baada ya mvua za El Niño za 1997 kubomoa barabara na madaraja katika ukanda huu. Baada ya mkutano huo, idara ya kila nchi huandaa utabiri wake, na wetu hufafanuliwa hadi ngazi ya kaunti.

Hapa sharti tuambiane ukweli mmoja ambao haupewi nafasi ya kutosha. Utabiri wa vuli una nguvu kuliko utabiri wa masika. Vuli, mvua za Oktoba hadi Desemba, hufungamana sana na joto la bahari mbili. Pasifiki ikipata joto, ndiyo El Niño. Na upande wetu wa Bahari Hindi ukipata joto kuliko upande wa Indonesia, mvua hujaa huku kwetu. Tuliyaona hayo 1997, tukayaona 2019, tukayaona tena 2023. Joto la bahari halibadiliki ghafla, na ndiyo maana mtaalamu anaweza kuiona vuli miezi miwili au mitatu kabla. Masika hayajafungwa kwa kamba hiyo. Yanaendeshwa zaidi na mambo yanayokuja na kuondoka ndani ya wiki chache.

La kwanza kati ya hayo ni wimbi kubwa la mawingu linalozunguka dunia kutoka magharibi kwenda mashariki katika nchi za joto, kwa muda wa siku 30 hadi 60. Roland Madden na Paul Julian ndio waliolieleza mwaka 1971. Likiwa juu ya Bahari Hindi upande wetu, Afrika Mashariki mara nyingi hupata wiki moja au mbili za mvua nzito. Likishavuka kwenda Pasifiki, mbingu hukauka. Wimbi hilo huonekana wiki mbili au tatu kabla halijafika. Februari hakuna anayeweza kukwambia litakuwa wapi mwezi Mei.

La pili ni vimbunga. Lamu iko kiasi cha nyuzi mbili tu kusini mwa ikweta, na karibu na ikweta mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kukisokota kimbunga, kwa hiyo ni nadra mno kutufikia. Lakini kimbunga kilicho mbali huweza kutunyang'anya mvua. Machi 2019, kimbunga Idai kilipoipiga Beira kule Msumbiji, unyevu ulivutwa kusini na masika ya Kenya yakachelewa. Wakulima waliotegemea Machi walibaki na mbegu mkononi. Na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikaribia pwani ya Tanzania, karibu na Mafia, kaskazini zaidi kuliko ilivyozoeleka, na idara yetu ikalazimika kuwaonya wavuvi wa pwani nzima ya Kenya.

Kwa hiyo mtakapousikia utabiri wa masika, usikilizeni hivi. Tuchukue mfano tu. Tuseme mtabiri anasema Lamu ina uwezekano wa asilimia 45 wa mvua kuzidi kawaida, asilimia 35 wa kuwa ya kawaida, na asilimia 20 wa kupungua. Wengi wetu husikia neno moja tu: mvua nyingi. Msimu ukikauka, tunasema tumedanganywa. Hatukudanganywa. Tuliambiwa kwamba misimu kumi ikija kwa sura hii, minne au mitano itazidi kawaida, mitatu au minne itakuwa ya kawaida, na miwili itapungua. Mtu mwenye busara hujiandaa kwa lililo kubwa, na huacha akiba kwa lile dogo. Na hiyo kawaida inayotajwa ni wastani wa miaka 30 ya vipimo. Tena ni jumla ya msimu mzima. Haisemi mvua itagawanywa vipi. Jumla ileile inaweza kushuka katika siku nane za mafuriko au ikatandazwa siku arobaini. Kwa mkulima wa Hongwe, hiyo ni misimu miwili tofauti kabisa.

Ndiyo maana naomba utabiri wa Februari uwe mwanzo wa kusikiliza, usiwe mwisho. Nahodha haangalii upepo mara moja pale gatini halafu akalala hadi Mombasa. Hulitazama tanga njia nzima. Idara hutoa utabiri wa mwezi, wa siku saba, na tahadhari za mvua kubwa na upepo mkali. Na kwa kuwa masika yetu huvuka Mei, sisi wa Lamu tunao wajibu mwingine: mwisho wa Mei ukitoka utabiri wa Juni, Julai na Agosti, usipite masikioni kama habari ya baridi ya watu wa bara. Ndani yake mna mkia wa mvua zetu, na mna kusi.

Sasa tushuke kwenye kazi. Naanza na maji, maana visiwani maji ndiyo maisha. Ndau, Kiwayu, Manda na sehemu kubwa ya Pate watu hutegemea djabia, yaani mabirika ya kuhifadhi maji ya mvua, na visima vya maji ya chumvichumvi. Hesabu ya paa ni nyepesi: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 50 za mraba, likipata mvua ya milimita 30 kwa usiku mmoja, linaweza kushusha lita 1,500. Mvua ya namna hiyo Mei si ngeni. Lakini mfereji uliotoboka au djabia yenye ufa hurudisha neema yote ardhini. Machi kavu ndiyo mwezi wa kupaka saruji, kusafisha, kukata matawi yaliyoinamia paa. Mvua ya kwanza iacheni ioshe vumbi na kinyesi cha ndege; ya pili ndiyo ya kuweka. Na kwa ndugu zetu wa Amu, yaani mji wa Lamu, maji yetu yanatoka chini ya milima ya mchanga ya Shela. Mvua hunywewa na mchanga ule na kukaa juu ya maji ya chumvi. Kila jengo linalopanda juu ya mchanga linaziba njia ya mvua, na kisima kikivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda. Utabiri mzuri hautasaidia kitu tukiuharibu mchanga unaoipokea mvua.

Mwaka 2020 hadi 2022 tuliona kukosa mvua maana yake nini. Misimu mitano mfululizo ilifeli katika Pembe ya Afrika, na masika ya 2022 yalikuwa miongoni mwa makavu kabisa katika kumbukumbu za vipimo. Ukame ukizidi, Ziwa Kenyatta pale Mpeketoni hupungua, na limewahi kupungua hadi viboko wakafia topeni.

Kwa wakulima wa Mpeketoni, Hindi na Witu, adui wa masika ni mvua ya kudanganya. Machi hunyesha siku tatu, ardhi ikalowa juu juu, mtu akatupa mbegu zote. Kisha jua la wiki tatu likazichoma. Kabla ya kupanda, ulizeni jambo moja: je, utabiri wa siku saba na wa mwezi unaonyesha mvua zinazofuatana? Asiyeweza kungoja na apande sehemu, aweke mbegu ya awamu ya pili. Mbegu za muda mfupi zina thamani zaidi sasa, kwa sababu wataalamu waliochunguza mvua za Afrika Mashariki tangu miaka ya 1980 wameona masika mengi yakianza kwa kuchelewa na kukatika mapema. Mwenye pamba, mwenye ufuta, mwenye mahindi, kila mmoja apange kwa siku ambazo msimu unaweza kumpa.

Wavuvi na manahodha, kwenu utabiri wa msimu ni utabiri wa upepo kabla ya kuwa wa mvua. Tanga mbili, kile kipindi cha Machi na Aprili ambapo upepo haujaamua upande, ndio wakati wa kutengeneza chombo, kukaza mbao, kubadilisha kamba, kuikagua injini. Kusi ikishika, tahadhari ya idara mara nyingi hutaja upepo wa zaidi ya noti 25 na mawimbi ya zaidi ya mita mbili. Kwa dau dogo hayo si mawimbi ya kushindana nayo, hasa nje ya miamba na katika maeneo kama Kinyika, ambako bahari ya wazi hukutana na miamba na mikondo. Abiria nao wana sehemu yao. Anayesafiri kati ya Amu na Faza au Mtangawanda asimshurutishe nahodha aondoke wakati amesita, na asipande chombo kisicho na jaketi za kuokolea maisha za kutosha. Siku za bamvua, upepo mkali na maji makuu vikija pamoja, hata waliokaa ufukweni wajihadhari.

Kuna jambo la mwisho katika hesabu yetu, nalo liko mbali na bahari. Mto Tana hupata maji yake kutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare, ukapita kwenye mabwawa ya Seven Forks, kisha Garissa na Garsen, ukaingia baharini Kipini, jirani zetu hapa. Mwaka 2024 mvua za masika zilipozidi kule juu na mabwawa yakajaa, mto ulivunja kingo zake. Karibu watu 300 walifariki nchini katika mafuriko ya msimu ule. Barabara yetu ya Garsen ilikatwa na maji eneo la Gamba, kama ilivyotokea Novemba 2023. Kwa hiyo mwenye duka Mokowe au Amu asiutazame utabiri wa Lamu peke yake. Autazame wa Nyeri na Murang'a. Maji huchukua siku kadhaa kuteremka, na siku hizo ndizo za kujaza ghala, kupeleka mgonjwa anayehitaji Mombasa, na kuamua safari ya mwanafunzi.

Nina ombi pia kwa wenye mamlaka, nalitoa kwa heshima. Lamu ina kituo chake cha hali ya hewa na ina maafisa wanaojua kazi. Utabiri wetu utajwe kwa majina ya maeneo yetu, kwa sababu Witu na Kiunga hazinyeshewi sawa. Usomwe kwa Kiswahili chepesi, na uwafikie watu kwa Kiamu na Kitikuu, na Waaweer wa Basuba na Mangai kwa lugha yao, kwani warina asali na wakulima wa msituni nao wana haki ya kujua. Msimu ukiisha, turudishiwe hesabu hadharani: tulitabiri nini, kikatokea nini. Mtu humwamini mtabiri anayekubali kupimwa.

Nasi wasikilizaji tuwe na maswali yetu. Utabiri ukitangazwa, msiulize mvua ni nyingi au chache, kisha mkatosheka. Ulizeni: kwetu inatarajiwa kuanza lini? Itakatika siku ngapi katikati? Na itatuacha lini? Maimamu, wazee wa vijiji, viongozi wa vikundi vya wavuvi na vya akina mama, yapelekeni maswali hayo kwa afisa wa hali ya hewa wa kaunti, na majibu yake muyabandike msikitini, dukani na gatini. Tunayo Machi nzima ya kuziba nyufa za djabia na kutengeneza vyombo kabla mvua zetu hazijafika. Tuitumie. Nawatakia masika yenye heri, na Mungu awalinde walio baharini.